Ladha ya Muziki Inafundishika: Mwongozo kwa Sikio la Unguja na Pemba

Mtu akiulizwa anapenda muziki gani, hutaja waimbaji watatu au wanne, basi. Lakini mfuate kutwa nzima uone kinachoingia masikioni mwake: nyimbo za dereva wa daladala ya Mwanakwerekwe, kasida za duka la mtaani, singeli ya kijana wa bodaboda, vipande vya nusu dakika kutoka simu ya mdogo wake, na jioni televisheni ya jirani. Ladha hujengwa na vinavyorudiwa na mahali vinaporudiwa, awe mwenyewe amechagua au amechaguliwa. Anayelijua hilo anaweza kuichunguza ladha yake, kuipanua, na kuipa kila nyimbo saa yake. Vifaa ni daftari, simu, hedifoni ya bei ya kawaida, na subira ya wiki kama sita.

Kwanza andika unachokisikia

Gawa ukurasa wa daftari safu tano: saa, kilichopigwa, nani alichagua, ulikuwa ukifanya nini, na hali yako robo saa baadaye. Andika papo hapo. Ukingoja usiku utakumbuka zilizokupendeza tu, na zilizokukera zitasahauliwa, ilhali nazo zimo kwenye hesabu. Jina la wimbo si lazima. "Taarab, mwanamke, kinanda" inatosha. Siku moja huweza kusomeka hivi:

Saa 1:15 asubuhi. Bongo fleva. Dereva. Nakwenda kazini. Nimechangamka.
Saa 4:00. Kasida na dufu. Duka la jirani. Nafua. Nimetulia.
Saa 10:30 alasiri. Taarab ya kisasa, mipasho. Mimi. Napika. Nimecheka, kisha nikamkumbuka fulani kwa hasira.
Saa 4:00 usiku. Vipande vya simu. Simu yenyewe. Kitandani. Usingizi umeruka.

Andika siku tisa, uhesabu saba za mwisho. Mbili za mwanzo zitupe, kwa sababu mtu anayejua kwamba anaandikwa hujitia kupiga nyimbo za heshima. Usianze wiki yenye harusi ya nyumbani, sikukuu au msiba. Hapo sikio liko mikononi mwa shughuli na daftari litasema uongo.

Zikitimia, pitia safu ya tatu na kalamu ya rangi. Weka M palipo na mwenyewe, W palipo na wengine, S palipokuwa simu imejiendea yenyewe kutoka wimbo hadi wimbo. Wengi hushangaa hapa. S na W zikizidi M, basi unachokiita ladha yako kwa kiasi kikubwa ni ladha ya dereva na ya programu. Kisha soma safu ya tano peke yake. Tafuta muziki unaokuacha na hali uliyoitaka, na muziki unaoupiga kila siku ingawa kila siku unakuacha vibaya. Huo wa pili karibu kila mtu anao. Simu ina orodha yake ya nyimbo ulizopiga zaidi, lakini isikutoshe: inahesabu ulichobonyeza, haihesabu ulichosikia barabarani.

Kwa nini sikio hupenda lilichokizoea

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, akifanya kazi Marekani, alionesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi kunatosha kukufanya ukipende zaidi, bila zawadi wala sababu nyingine. Yeye alitumia maneno yasiyo na maana na picha za nyuso. Kwa muziki jambo hilo linaonekana vilevile, ila lina ukingo: wimbo huanza ugeni, ukapanda utamu kadiri unavyorudiwa, kisha ukirudiwa mno unachosha. Ndiyo maana wimbo uliotikisa kila harusi msimu mmoja haustahamiliki msimu wa pili, na baada ya miaka kumi unarudi kuwa mtamu.

La pili ni umri. Watu wazima hushikamana zaidi na nyimbo za ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30, kwa sababu wakati huo ndio mtu anapopata marafiki wake, mapenzi yake na kazi yake ya kwanza, na nyimbo zikashikana na mambo hayo. Bibi anayesema "siku hizi hakuna muziki" hajakosea masikio. Hizo nyimbo mpya hazina kitu cha kushikia maishani mwake. Na wewe utafika huko huko, ukiacha mambo yajiendee.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: wimbo mgeni mmoja, mara kumi, ndani ya siku kumi na nne, usiurudie papo kwa papo. Mara tatu za mwanzo usiutolee hukumu. Ukifika mara ya kumi bado hauna maana kwako, uache kwa amani. Kosa la kawaida ni kuweka albamu nzima ya mtindo mgeni siku moja, ukachoka wimbo wa nne, ukasema mtindo wote haukufai.

Kulifundisha sikio taarab asilia

Huu ndio mfano mgumu kuliko yote hapa kwetu. Vijana wengi waliolelewa na bongo fleva na zenji fleva hukaa dakika mbili tu mbele ya taarab ya klabu, wakaona ni ndefu na "ala hazijakaa sawa". Malalamiko yote mawili yana sababu, na ukiijua sababu nusu ya kazi imekwisha.

Urefu kwanza. Wimbo wa taarab asilia hufika dakika kumi na zaidi kwa sababu ala nazo zinasema. Mwimbaji akimaliza mstari, ala humjibu. Baina ya beti, ala huchukua nafasi yao kamili. Anayengoja sauti ya mtu tu atasubiri sana. Kuhusu ala "kutokaa sawa", taarab imechota kwenye makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti, na baadhi ya makamu hizo zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Sikio lililozoea kinanda huziona zimepotoka. Fidla na udi huweza kuzifikia kwa sababu vidole havina vizuizi vya kufuata. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha sauti.

Usianze na okestra. Panda hivi.

Wiki ya kwanza sikiliza kidumbak. Ni ndugu wa taarab wa mtaani na harusini: fidla moja, ngoma ndogo mbili ambazo ndizo vidumbak vyenyewe, sanduku lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha. Mwendo ni wa haraka na nyimbo huunganishwa moja kwa nyingine bila kusimama, kwa hiyo sikio la singeli halitolala. Fuata sanduku tu, acha mengine yote. Ukiweza kupiga kofi pamoja na sanduku kwa dakika tatu bila kupotea, endelea.

Wiki ya pili na ya tatu, chagua wimbo mmoja wa kundi kubwa. Akhwan Safaa, lililoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, lililoanza mwaka 1958, yote mawili yana rekodi zinazopatikana YouTube. Mkiwa na bando dogo, pakueni mara moja nyumbani kwa mwenye mtandao mkausikilize bila intaneti. Wimbo ni ule ule mmoja, kila mara kwa kazi moja tu:

Mara ya kwanza, utangulizi pekee, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mahali pengine utapata bashraf, kipande cha ala tupu. Fidla ndizo zinazobeba sauti kuu, zifuate.

Mara ya pili, kanuni. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti moja, ndiyo maana mlio wake unang'ara na kutapakaa. Haitulii: palipo na pengo, inajaza. Ukishaisikia mara moja hutoipoteza tena.

Mara ya tatu, ngoma. Dumbak ina sauti mbili za msingi, nzito ya katikati ya ngozi na kavu ya ukingoni. Rika, dufu dogo, ina vibati vinavyochachatika. Hesabu mzunguko wa ngoma kwa vidole. Ukirudi mwanzo pamoja nao mara kumi mfululizo, umeshashika mwendo.

Mara ya nne na ya tano, maneno. Simamisha wimbo uandike beti zote kwa mkono. Nyingi zina mistari mitatu, kila mstari vipande viwili vya mizani nane. Mfano wa mstari uliotungwa hapa kwa ajili ya hesabu: "Nilikwenda Malindini, kumtafuta mwenzangu". Hesabu silabi kwa vidole: nane na nane, na ile "m" ya kumtafuta ni mizani kamili. Tazama vina vya kati na vya mwisho vinavyorudi beti hadi beti. Ukishaona kiunzi hicho utaelewa kwa nini mwimbaji anavuta neno hapa na kulikata pale.

Mara ya sita, fumbo. Mpelekee mtu mzima maneno uliyoyaandika, umuulize: "Shikamoo bibi, hapa waridi anasemwa nani?" Taarab nyingi hazisemi moja kwa moja, ua, ndege, jahazi, tunda, yote yanabeba mtu ndani yake. Watu wawili watakupa majibu mawili, na yote mawili huenda yakawa sawa. Hapa ndipo ladha inapogeuka ghafla, kuliko kwenye ala.

Mara ya saba hadi ya kumi, sikiliza wote bila kazi yoyote.

Wiki ya nne rudi nyuma kwa Siti binti Saad. Alitoka Fumba, akaja mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, wakati taarab ya kasri, ile iliyostawishwa tangu enzi ya Sultan Barghash (1870 hadi 1888), ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo nyimbo ni fupi. Kikwazo ni mkwaruzo. Tumia hedifoni, punguza sauti kali kwenye mpangilio wa simu, na usikilize usiku nyumba ikishatulia. Kuanza na Siti mwanzoni kabisa, kama wengi wanavyoshauri kwa sababu ya heshima, ni njia ya hakika ya kumkimbiza kijana.

Kisha toka nje. Spika ya simu haina besi, na taarab bila besi na chelo inabaki nyembamba. Vilabu vya Mji Mkongwe hufanya mazoezi usiku. Uliza siku, ingia kwa adabu, kaa nyuma. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, hufundisha ala hizi. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, huwa Februari Ngome Kongwe, na hapo utasikia taarab jukwaa moja na mitindo ya nchi nyingine. Walioko Pemba wana hazina nyingine mlangoni: kibati, yale majibizano ya haraka juu ya ngoma, na ngoma ya msewe. Kanuni ya mara kumi inafanya kazi huko pia, ingawa kibati kinahitaji mtu wa kukutafsiria utani.

Na mzee anayetaka kuielewa singeli ya mjukuu? Apunguze mwendo. YouTube ina sehemu ya kuchagua kasi, weka 0.75. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika na maneno hayashikiki kwa sikio geni. Ikishuka, vina vinaonekana, na mara nyingi mzee hugundua kwamba kijana anatunga kwa kanuni zile zile, ila anakimbia.

Kuupa muziki kazi

Hapa hakuna haja ya nadharia nyingi. Kazi ya mikono inayojirudia, kama kusuka ukili au kuchambua karafuu jioni, hupenda mwendo wa kati usiobadilika ghafla na nyimbo ndefu zisizohitaji kuguswa. Mkono wenye mafuta ya karafuu haushiki simu. Tengeneza orodha ya saa moja na nusu, uiache. Ikiwa ni kikundi, kila mtu achangie nyimbo mbili, la sivyo mwenye simu ndiye anayetawala.

Kutembea kwa haraka ni hatua 100 hadi 120 kwa dakika. Nyimbo zenye mapigo ya hapo hukuvuta bila kujijua. Za haraka zaidi zitakufanya upige hatua fupi fupi na kuchoka.

Kusoma ni jambo jingine. Maneno ya lugha unayoielewa hugombana na maneno unayoyasoma. Mwanafunzi wa skuli anayesoma historia huku akisikiliza mipasho atakumbuka mipasho. Apige taqasimu za udi, ala tupu, au akae kimya. Kwa hesabu za kurudia rudia, nyimbo zenye maneno hazina madhara sana.

Usiku, acha kinachoendelea chenyewe. Weka kipima muda cha dakika 30 kizime. Vile vipande vifupi vya simu ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu kila baada ya sekunde chache sikio linaamshwa upya.

Kuhusu sauti kubwa: Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Ikipanda hadi 90, muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Simu haikuoneshi desibeli kila mara, basi weka sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Na mtu aliye umbali wa mkono akisema nawe kwa sauti ya kawaida usimsikie, punguza. Ndani ya daladala hatari ni kuongeza hedifoni ili kuishinda spika ya gari. Hapo masikio yanapigwa mara mbili. Vua, au kaa mbele mbali na spika.

Wimbo ukitoka nje ya chumba

Visiwani wimbo ni kauli. Ukipiga mpasho barazani wakati mke wa fulani anapita, umesema, hata kama ulikuwa unapenda kinanda chake tu. Hali kadhalika kwenye simu: wimbo uliowekwa hadhi ya WhatsApp usiku wa ugomvi utasomwa beti kwa beti na watu ishirini. Kabla hujaweka taarab ya kisasa mahali pa hadharani, isikilize hadi ubeti wa mwisho. Mara nyingi ubeti wa kwanza ni mapenzi matupu, na kisu kimefichwa ubeti wa tatu. Ikiwa unataka kusema kitu, vyema. Ila ujue umekisema.

Mengine unayajua lakini hufanyika vibaya kila siku. Zima kabla ya adhana, usisubiri ianze. Spika za blutuuthi zina tabia ya kukataa kutii dakika ile ile. Mtaani kukiwa na msiba, muulize mtu mzima wa nyumba jirani ni lini panafaa kuwasha tena, kwa sababu hesabu ya siku inatofautiana nyumba hadi nyumba. Shughuli ya usiku yenye spika kubwa ianze kwa sheha. Na spika isielekezwe ukutani kwa jirani: besi hupita ukuta wa tofali ilhali sauti kali hazipiti, kwa hiyo wewe unasikia wimbo mzuri na yeye anasikia mtutumo tu. Inyanyue kutoka sakafuni, iweke juu ya kitu laini, punguza besi.

Ramadhani kama kipimo

Kwa siku 29 au 30 nyumba nyingi huacha nyimbo, na masikio yanabaki na Kurani, kasida na ngoma za kuamsha daku. Ukitazama kwa jicho la mwongozo huu, hakuna kipimo cha ladha kilicho bora zaidi. Siku ya mwisho ya Shaabani andika nyimbo kumi unazodhani utazikosa. Funga karatasi. Katikati ya mwezi, andika bila kuitazama nyimbo zinazojiimba zenyewe kichwani. Siku ya pili ya Idd, linganisha.

Zilizomo katika orodha zote mbili ni zako kweli. Zilizokuwa katika ya kwanza tu zilikuwa mazoea. Zilizojitokeza katikati ya mwezi bila kualikwa, mara nyingi ni nyimbo za utotoni au kasida moja uliyofundishwa chuoni, na hizo zinastahili kutafutwa. Usikimbilie kurudisha orodha yote ya zamani asubuhi ya Idd. Rudisha nyimbo tatu kwa siku, kwani sikio lililopumzika linasikia makosa ambayo zamani hayakusikika.

Kuokoa kanda za nyumbani

Ladha ya nyumba nyingi imelala ndani ya kaseti: taarab iliyorekodiwa redioni, harusi, maulidi, sauti ya babu akitania kati ya nyimbo mbili. Hewa ya chumvi na unyevu haviziachi. Anza kabla ya masika.

Tazama dirishani mwa kanda. Vumbi jeupe ukingoni mwa utepe ni ukungu. Itenge, usiipige, kwani itachafua kichwa cha redio na kanda zote zinazofuata. Hiyo mpe anayejua kusafisha. Kanda iliyo salama, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Angalia kisponji kidogo chenye bati kinachobana utepe. Kikiwa kimeanguka sauti itatoka hafifu na ya kuzama. Dawa ni kuhamishia utepe kwenye kasha jingine lenye skrubu tano.

Safisha kichwa cha redio kaseti kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 inafaa ukiacha ikauke vizuri dakika kumi. Kigurudumu cha mpira kisafishe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu alkoholi hukausha mpira ukapasuka. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja. Utepe uliolala miaka mingi hugandana.

Piga wimbo wenye rika. Vibati vyake vikiwa havisikiki wazi, tafuta skrubu ndogo pembeni ya kichwa, weka alama mahali ilipo, na uizungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, hadi vibati ving'are. Umaliziapo kanda hiyo rudisha kwenye alama. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha nakala nzuri na mbovu.

Unganisha tundu la hedifoni la redio na kompyuta kwa waya. Tundu la maikrofoni la kompyuta mara nyingi huchukua upande mmoja tu na kupasua sauti. Kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la laini kinafaa zaidi. Kurekodi kwa simu mbele ya spika iwe ni njia ya mwisho, na ufanye usiku, la sivyo kunguru wa mtaa watakuwa waitikiaji. Katika programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, chagua kiwango cha sampuli 44,100 Hz na biti 16. Jaribu pale ala zote zinapoitikia pamoja, na kilele kisivuke desibeli -6. Chaja ya kompyuta ikileta mvumo, ichomoe, utumie betri. Utakuwa pia umejikinga umeme ukikatika katikati ya upande.

Rekodi kila upande mzima bila kukata. Kanda ya 60 ina dakika 30 kila upande na itachukua kama megabaiti 600 kwa umbo la WAV. Ya 90 kama 900. Nakala ya MP3 ya kilobiti 192 kwa ajili ya simu itakuwa kama megabaiti 86 kwa kanda ya 60. Za 120 zina utepe mwembamba sana, usizipeleke mbele na nyuma ovyo. Kata nyimbo moja moja baadaye, kutoka kwenye nakala.

Jina la faili liwe na mwaka, mahali, kundi, mwimbaji na upande. Usilolijua andika "haijulikani" badala ya kubuni. Mkae na mzee aisikilize nakala huku simu nyingine ikimrekodi anayoyasema, maana jina la mpiga fidla liko kichwani mwake na si kwenye karatasi ya kasha. Weka nakala tatu: kompyuta, flashi, na moja kwa jamaa wa kisiwa cha pili. Rekodi za shughuli za wanawake za ndani zibaki ndani. Zilipigwa kwa waliokuwapo, na kuzitia mtandaoni bila ruhusa yao ni kosa hata kama wimbo wenyewe unajulikana na kila mtu.

Kaseti yenyewe usiitupe baada ya kazi. Isimamishe wima ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vipakti vya kukausha unyevu, mbali na spika na mbali na dirisha la baharini, na kila mwaka uizungushe mbele na nyuma mara moja.